Tela kwa Gari Dogo la Zamani: Mwongozo wa Uteuzi katika Nchi ya Chai

Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza jinsi ya kuteua tela dogo linalofaa kubebea gari dogo la zamani, hususan kwa mtu anayeishi au anayesafiri katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet. Msomaji aliyezoea kukutana na mada za fasihi, isimu na ufundishaji katika kurasa hizi huenda akauliza: tela linahusiana vipi na Kiswahili? Jibu letu ni fupi. Ikiwa wasomi wa lugha hawawezi kumwelekeza mtu namna ya kufunga gari juu ya tela bila kukimbilia Kiingereza katika kila sentensi ya pili, basi lugha hiyo wanaitetea kwenye makongamano tu. Mafundi wa jua kali wanayo istilahi yao, nao huitumia kutwa kucha bila kungoja kamati yoyote. Tumeifuata istilahi hiyo kila ilipopatikana. Pale ambapo haikupatikana, tumekieleza kitu kwa maneno ya kawaida.

Sababu ya pili ni ya nyumbani. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu anayeishi viungani mwa Litein, ana Volkswagen 1300 ya mwaka 1967, aina ile yenye mgongo wa mviringo na injini nyuma. Injini yake ingali inawaka, ila breki hazishiki na sakafu imeanza kuliwa na kutu. Fundi anayeaminika kwa magari ya aina hiyo yuko Nakuru. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamekwisha kupita mara mbili na mizani yao, wakiitazama kwa macho ya kukata nyama. Kwa hivyo swali la tela ndilo litakaloamua iwapo gari hilo litapona au litauzwa kwa kilo. Mara nyingi mali ya kale hupotea hivyo. Wenyewe huipenda, ila hukosa namna ya kuisafirisha.

Wala magari haya si takataka katika historia ya nchi yetu. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, yakiadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari madogo ya kawaida ndiyo yaliyokuwa yakishindana kwenye matope na vumbi la Afrika Mashariki. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 na kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer, alizaliwa papa hapa Kericho mwaka 1932. Tangu mwaka 2003 pamekuwa na mashindano maalumu ya magari ya zamani yanayofuata nyayo za Safari ile. Anayetunza gari la aina hii, basi, anatunza kumbukumbu ya barabara zetu wenyewe.

Kuburura, Kukokota na Kubeba

Kiswahili kimetupa vitenzi vitatu ambavyo, vikitumiwa kwa uangalifu, vinatofautisha njia tatu za kuhamisha gari lisilojiweza.

Kuburura ni kuvuta kitu kikigusa ardhi chote. Gari linalovutwa kwa kamba huku dereva mwingine ameketi ndani akishika usukani liko karibu na maana hii, kwa sababu magurudumu yake yote manne yamo barabarani. Njia hii huhitaji breki nzima kwenye gari linalovutwa. Gari la mjomba halina breki, kwa hivyo mjadala huo umekwisha. Hata lingekuwa nazo, kamba kwenye miteremko ya Kericho ni mwaliko wa msiba.

Kukokota, katika matumizi tunayoyapendekeza hapa, ni kunyanyua magurudumu mawili juu ya kitoroli kidogo na kuyaacha mawili yakizunguka barabarani. Vitoroli hivyo ni vyepesi na huhifadhika hata kwenye pembe ya zizi. Hata hivyo gari la zamani linalozungusha magurudumu yake kwa safari ndefu hulazimisha beringi kuukuu na gia kufanya kazi zisizoiweza. Kwa Volkswagen pana tatizo la ziada: magurudumu yanayoendeshwa na injini ndiyo ya nyuma, nayo ndiyo yatakayobaki chini ukinyanyua pua.

Kubeba ni kulipandisha gari zima juu ya tela, magurudumu yote manne yakiwa hewani. Hii ndiyo njia tunayoielezea. Neno tela lenyewe tumelichukua katika ngeli ya LI-YA kama wasemavyo wakulima wa hapa: tela limejaa, matela yamekwama. Wapo wanaosema trela na kuliweka katika ngeli ya I-ZI, na hatuna ugomvi nao, ila trela siku hizi pia ni kionjo cha filamu.

Mkazi wa nchi ya chai hahitaji kufafanuliwa tela ni nini. Kila siku huona trekta likivuta tela lililosheheni majani mabichi kutoka mashambani hadi kiwandani. Ndiyo maana pendekezo la kwanza la jirani yeyote huwa ni hilo: azima tela la chai! Pendekezo hilo lina wema, lakini halifai. Tela la trekta hufungwa kwa pini na pete, na pete hiyo hucheza ndani ya pini. Kwa mwendo wa trekta hakuna madhara, ila kwa mwendo wa barabara kuu mchezo huo hugeuka kishindo. Kitanda chake kiko juu mno, na mengi hayana breki zake yenyewe. Tela la chai liachiwe chai.

Kupima Kabla ya Kuchagua

Kosa linaloonekana sana ni kununua tela kwa kulitazama. Vipimo vitatu vya gari vinatakiwa kwanza: uzito, urefu na upana. Volkswagen ya mgongo wa mviringo ina urefu wa mita 4.07 hivi, upana wa mita 1.54, na uzito unaokaribia kilo 800 kulingana na mwaka wake. Mini ya zamani ni ndogo zaidi, kiasi cha mita 3.05 kwa 1.41, na uzito wake huwa katika kilo 600 na kitu. Fiat 500 ya miaka ya sitini haifiki hata mita 3, na ina kilo 500 hivi. Morris Minor iko karibu na Volkswagen kwa uzito, ingawa ni fupi kidogo.

Takwimu za vitabuni zisiaminiwe kupita kiasi. Gari lililokaa chini ya banda huongezewa vitu: gurudumu la ziada, sanduku la vipuri, mlango wa gari jingine uliotupwa kiti cha nyuma. Baadhi ya viwanda vya chai na maghala ya nafaka vina mizani ya magari, na mtu akiomba kwa adabu siku isiyo na msongamano huweza kupimiwa. Wakulima wetu hawahitaji kuhimizwa juu ya umuhimu wa mizani. Anayepeleka majani kwenye kituo cha kununulia anajua jinsi kilo mbili zinavyoweza kuzua mzozo.

Tuchukue mfano wa gari lenye kilo 800 na tela tupu lenye kilo 350. Jumla ni kilo 1,150. Nambari hii ndiyo inayotawala kila kitu kinachofuata, ikiwemo swali la gari litakalovuta. Kanuni ya busara ni kwamba mzigo unaovutwa usizidi uzito wa gari linalovuta, na ukiwa chini yake kwa mbali ndio salama zaidi. Probox, ambayo katika kaunti hizi hubeba kila kitu kuanzia kabichi hadi wanakwaya, ina uzito unaokaribiana na huo wa tela letu lililojaa, au pungufu yake. Haitufai. Pikapu au gari la magurudumu manne yenye nguvu, lenye kilo 1,700 au zaidi, ndilo linalostahili kazi hii.

Aidha, mwinuko usisahaulike. Mji wa Kericho uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Mau Summit ni zaidi ya mita 2,400. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa huwa nyembamba. Pikapu iliyosifiwa na mwenyewe huko Mombasa kwamba inavuta mlima itakuwa imepoteza zaidi ya sehemu moja kwa tano ya nguvu zake ifikapo Mau Summit.

Ekseli na Magurudumu

Matela madogo huwa na ekseli moja au mbili. La ekseli mbili hutulia zaidi barabarani, na tairi moja ikipasuka mengine hushikilia. Hata hivyo ni zito, ni ghali, na halisukumiki kwa mikono. Ukilikwamisha kwenye uga wenye matope ya Julai utahitaji kijiji kizima. La ekseli moja ni jepesi, hugeuka palipo finyu, na watu wawili huweza kuliingiza bandani. Kwa gari lisilozidi kilo 800 maoni yetu ni kwamba ekseli moja yatosha, mradi breki na matairi viwe vya kweli.

Matairi ndipo wengi wanapobana pesa. Kila tairi lina namba ya uwezo wa mzigo iliyoandikwa ubavuni, baada ya vipimo vya ukubwa. Namba 84 humaanisha kilo 500 kwa tairi moja, 88 ni kilo 560, na 91 ni kilo 615. Katika mfano wetu, kilo 80 hivi zitakaa kwenye kiungo cha gari linalovuta, kwa sababu tutakayoieleza punde. Zinabaki kilo 1,070 juu ya matairi mawili, yaani kilo 535 kwa kila moja. Tairi la 84 limekwisha kushindwa kabla ya safari kuanza. La 88 linapita kwa kubana, na kwa barabara zetu za murramu zilizochimbika hatungelishauri. La 91 linafaa. Si hesabu ngumu, lakini matela mengi yaliyopigwa rangi nzuri hayawezi kuipita.

Matela yanayoundwa na mafundi wa hapa mara nyingi hutumia ekseli na springi za gari kuukuu. Jambo hili lisidharauliwe. Ekseli iliyobuniwa kubeba pikapu ina nguvu za kutosha, na rimu zake zikilingana na za gari linalovuta, gurudumu moja la akiba hutumikia magari yote mawili. La kuangalia ni kama ekseli ilipindwa, na kama springi zililingana kabla ya kuchomelewa mahali pake.

Mzigo Ukae Wapi

Sehemu hii ndiyo kiini cha makala, na tunaomba msomaji atuvumilie kwa hesabu kidogo.

Aliyewahi kuona mkokoteni wa punda uliopakiwa vibaya ameielewa nusu ya somo. Magunia yakirundikwa nyuma ya magurudumu, mikono ya mkokoteni huinuka, na punda naye huinuliwa mpaka kwato zikakosa ardhi. Yakirundikwa mbele mno, shingo ya mnyama hulemewa na magoti hukunjika. Mwenye mkokoteni hutafuta mahali pa katikati ambapo shingo huhisi uzito kidogo tu. Tela la gari ni lilelile, isipokuwa punda amekuwa pikapu. Uzito unaokandamiza kiungo cha pikapu tutauita uzito wa shingo.

Uzito wa shingo unatakiwa uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wa tela lililojaa. Kwa kilo 1,150, asilimia 7 ni kama kilo 80. Ukipungua sana, tela huanza kuyumba kama mkia wa mjusi kila mwendo unapoongezeka, na mayumbo hayo hujilisha yenyewe: kila moja huwa kubwa kuliko lililotangulia mpaka pikapu yenyewe itupwe nje ya barabara. Ukizidi, nyuma ya pikapu hudidimia na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko wa usukani.

Sasa turudi kwa Volkswagen. Injini yake iko nyuma, kwa hivyo takriban asilimia 60 ya uzito hukaa kwenye magurudumu ya nyuma. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.40. Kitovu cha uzito basi hakipo katikati ya magurudumu. Kipo sentimita 24 nyuma ya katikati. Tuseme kutoka kiungo hadi ekseli ya tela ni mita 3.20, na tela likiwa tupu lina uzito wa shingo wa kilo 20.

Mtu asiyejua atapandisha gari likitazama mbele na kuliegesha vizuri, katikati ya magurudumu yake ikiwa juu ya ekseli ya tela kabisa. Kwa macho, gari limekaa sawasawa. Lakini kilo 800 zimesimama sentimita 24 nyuma ya ekseli. Zidisha 800 kwa 0.24, gawanya kwa 3.20: unapata kilo 60 zinazoinua kiungo badala ya kukikandamiza. Toa kilo 20 za tela lenyewe, bado zinabaki kilo 40 zinazomwinua punda. Tela hilo litayumba.

Hapo pana tiba mbili. Ya kwanza ni kulisogeza gari mbele kwa sentimita 48, endapo kitanda kina nafasi hiyo. Ya pili ni rahisi zaidi, nayo huwashangaza wengi: lipandishe gari kinyumenyume, injini ikielekea pikapu, na uliegeshe palepale katikati. Sasa kilo 60 zilezile zinakandamiza kiungo. Ongeza 20 za tela, jumla ni 80. Hatukusogeza chochote hata kwa unyayo. Tumegeuza gari tu. Kwa Mini au Morris Minor, ambazo injini zake ziko mbele, utaratibu ni kinyume: gari litazame mbele kama kawaida.

Kwa sababu hiyo, swali la kumuuliza muuzaji si urefu wa kitanda pekee, bali kitanda kinaanzia wapi na kuishia wapi kuhusiana na ekseli. Tela zuri huwa na kizuizi cha magurudumu kinachohamishika, ili mwenye Mini leo na mwenye Volkswagen kesho waweze kulitumia. Tela lenye kizuizi kilichochomelewa mahali pamoja limeundwa kwa gari moja, na huenda gari hilo si lako.

Kupima uzito wa shingo hakuhitaji chombo cha ajabu. Mizani ya kupimia uzito wa mwili huwekwa chini ya kiungo, kipande cha mbao kikisimamishwa baina yao, tela likiwa limelala sawa na matairi yake yakiwa yamezuiwa kwa mawe. Pima gari likiwa juu, kisha lisogeze kidogo kidogo mpaka namba ikubalike. Inafaa pia kukumbuka kwamba tela likipanda mlima uzito huelekea nyuma kidogo na ule wa shingo hupungua. Anayeanza safari na kiwango cha chini kabisa atakuwa amekipita kabla ya kufika kileleni.

Breki na Mteremko

Kule Ulaya tela lisilo na breki zake haliruhusiwi kuzidi kilo 750 likiwa limejaa. Kiwango hicho ni cha busara popote, na tela lenye kilo 1,150 limekipita kwa mbali. Tela letu lazima liwe na breki.

Breki za matela madogo nyingi huendeshwa na msukumo. Pikapu inapopunguza mwendo, tela huisukuma kwa nyuma. Mkono wa tela huingia ndani kama bomba la baiskeli, na mwingio huo huvuta waya unaokaza breki za magurudumu. Utaratibu huu hauhitaji umeme wala mafuta ya breki kutoka kwenye pikapu, na fundi yeyote makini huweza kuurekebisha. Una udhaifu mmoja. Kwenye mteremko mrefu tela husukuma muda wote, kwa hivyo breki zake hushikilia muda wote, nazo hupata moto hadi kupoteza nguvu. Dawa ni gia. Dereva anayetoka Mau Summit ateremke kwa gia ndogo tangu juu, injini ndiyo izuie mwendo, na breki ziguswe kwa vipindi.

Barabara hiyo si ya kufanyiwa mzaha. Kutoka Mau Summit kupitia Sachang'wan na Salgaa hadi Nakuru barabara hushuka takriban mita 600. Mnamo tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan, likawaka moto watu wakichota mafuta, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, lori lililopoteza mwelekeo katika njia panda ya Londiani, ndani ya kaunti ya Kericho, liliparamia magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Watu wapatao 50 walipoteza maisha. Tela letu dogo ni unyoya likilinganishwa na malori hayo. Hata hivyo wachuuzi wa viazi na karoti bado huketi kando ya barabara, na gari lenye kilo 800 likichomoka kwenye kiungo halina dereva wa kumpigia mtu honi.

Ndiyo maana cheni mbili za usalama, zilizopishanishwa chini ya mkono wa tela, si mapambo. Kiungo kikifunguka, mkono huangukia juu ya cheni badala ya kuchimba lami. Vilevile tufe la chuma la pikapu na kikombe cha tela vilingane. Matufe ya Ulaya yana kipenyo cha milimita 50, ya Marekani huwa ya inchi 2, yaani milimita 50.8, na yapo mengine madogo ya milimita 47.6. Kikombe cha inchi 2 kikiwekwa juu ya tufe la milimita 47.6 hufunga vizuri kabisa uani, kisha hurukia nje kwenye tuta la kwanza. Namba huandikwa juu ya vyote viwili. Zisomwe.

Njia ya pili ya kutoka Bomet, ile ya Mulot, Narok na Mai Mahiu, huepuka mteremko wa Salgaa. Kwa anayekwenda Nairobi tungeipendelea, ingawa kupanda kutoka Mai Mahiu nako hujaa malori. Kwa anayekwenda Nakuru haimsaidii.

Kitanda, Kupandisha na Kufunga

Vitanda ni vya namna tatu: bapa kizima, reli mbili za magurudumu tu, na kile kinachoinama chenyewe kupokea gari. Cha reli mbili ni chepesi na cha bei nafuu. Cha kuinama hakihitaji mbao za kupandishia, lakini kina viungo vingi vya kulegea. Tukilazimika kuchagua, tungechukua cha reli mbili chenye mabati ya vitobo, kwa kuwa mvua ya Kericho hainyeshi kwa ratiba na bati laini lililolowa ni utelezi mtupu. Chuma kilichochovywa zinki hudumu. Rangi pekee hapa haivumilii misimu miwili.

Mbao au reli za kupandishia ziwe ndefu. Kitanda chenye kimo cha sentimita 50 na reli ya mita 1.5 hufanya mwinuko wa nyuzi karibu 20. Reli ya mita 2.5 huushusha hadi nyuzi 12 hivi. Volkswagen iko juu na haijali sana, ila Mini itakwaruza tumbo. Gari lisilo na breki lisipandishwe kwa kusukumwa na vijana wenye shauku. Winchi ya mkono, iliyofungwa mbele ya kitanda, hulivuta polepole na kulishikilia wakati wowote.

Kufunga ni kwa mikanda minne yenye kikazio, mmoja kwa kila gurudumu, ikishika tairi lenyewe ili springi za gari ziendelee kucheza bila kulegeza mkanda. Kamba ya katani haifai hata kidogo: hukaza ikilowa na kulegea ikikauka, na kati ya Kericho na Nakuru italowa na kukauka mara kadhaa.

Kununua, Kuazima au Kuundiwa

Anayehitaji tela mara moja tu asinunue. Alikodi pamoja na pikapu yake, au akodi lori la kubebea magari mabovu, na ajiepushe na kulihifadhi. Hilo ndilo tulilomshauri mjomba mwanzoni. Lakini gari linalotengenezwa kwa awamu huenda na kurudi: leo breki, mwakani sakafu, baadaye rangi. Safari tatu au nne za kukodi hukaribia gharama ya tela la kuundiwa, na jirani wawili wenye magari ya namna hiyo, mmoja Kapkatet na mwingine Sotik, wako tayari kuchangia. Tela la watu watatu, lenye ekseli moja, breki ya msukumo, matairi ya 91 na kizuizi kinachohamishika, ndilo lililokubaliwa.

Anayeagiza kwa fundi aandike vipimo kwenye karatasi, aeleze uzito wa mzigo kwa kilo, na akague uchomeleaji kabla rangi haijapakwa. Rangi huficha mengi. Mshono mzuri huwa na mawimbi madogo yanayofuatana. Wenye matone na mashimo umeshika juu juu. Mkono wa tela ukaguliwe kwanza, maana ndio unaobeba kila mshtuko. Kisha tela lisajiliwe na kupata namba yake, ile inayoanza kwa herufi Z, na bima ya pikapu itaje kwamba inavuta tela. Taa za nyuma, za kugeukia na za breki ziwake, na viakisi vyekundu viwepo, kwani ukungu wa asubuhi baina ya Kedowa na Londiani humeza hata lori.

Safari ya kwanza iwe fupi, bila gari juu, kisha na gari, kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa. Tela likianza kuyumba, dereva asikanyage breki kwa nguvu wala asipigane na usukani. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani sawa na kuacha mwendo ushuke wenyewe, halafu asimame na kusogeza mzigo. Baada ya kilomita 10 asimame tena hata kama hakuna tatizo, akaze mikanda, ajaribu nati za magurudumu, na aweke kiganja karibu na vikombe vya beringi. Vikiwa na joto la kikombe cha chai kilichoachwa mezani kwa muda, aendelee. Vikimchoma, ageuze arudi.